Habari za Udongo wa Emali, Mwekundu na Mweusi

Wanachama wapendwa, katika kurasa za hesabu za kitabu hiki mmekwisha kuona fedha zilizoingia na zilizotoka, karo tulizolipa kwa ajili ya watoto wa wajane, na michango ya mazishi. Tena mmeona mstari mmoja ambao umewaudhi wengi, nasi tumeulizwa habari zake njiani, sokoni na hata mlangoni pa kanisa: yaani gharama za kutengeneza ghala letu la nafaka, ambalo halijatimiza miaka mitatu tangu lilipofunguliwa kwa nyimbo na chai. Halmashauri imetutaka sisi tushikao vitabu vya chama tuieleze habari hiyo kwa ukamilifu. Tulipoanza, tuliona kwamba haiwezekani kueleza ufa wa ukuta pasipo kueleza udongo ulio chini yake. Wala haiwezekani kueleza udongo pasipo kutaja kilima, bonde, mvua, na historia ya watu walioukalia. Ndiyo sababu maelezo haya yamekuwa marefu kuliko tulivyoagizwa, nasi twaomba radhi.

Kiwanja cha ghala tulikinunua wakati wa kiangazi. Kilikuwa tambarare kama meza, hakina jiwe wala kisiki, na bei yake ilikuwa nafuu kuliko viwanja vya mteremkoni. Ardhi ilikuwa ngumu hata jembe la mchimbaji likarudi nyuma likilia, nasi tukafurahi, tukasema kwamba msingi umekwisha kupatikana bila gharama. Mvua za kwanza zilipopita hatukuona neno. Mvua za pili zilipokwisha, mlango ulikataa kufungwa. Katika kiangazi kilichofuata ufa ulitokea kwenye pembe ya dirisha, ukashuka hatua kwa hatua mpaka msingini, na mwisho wake mtoto aliweza kuingiza mkono. Ndipo maneno yakaanza. Wengine walisema fundi aliiba saruji. Wengine walisema kiwanja kina laana. Sisi twasema kwamba fundi hana kosa, wala laana haipo. Kosa ni la chama, kwa kuwa tuliuliza bei ya ardhi, tusiulize tabia yake. Shuleni tulisoma mfano wa yule mpumbavu aliyejenga nyumba juu ya mchanga. Hatukufikiri kwamba uko udongo mwingine ambao kwa nyumba ni adui zaidi kuliko mchanga.

Basi na tuitazame nchi yenyewe. Emali iko kando ya njia kuu ya Nairobi na Mombasa, mahali ambapo barabara ya Loitokitok huachana nayo. Reli ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ilipita katika nchi hii kabla ya kufika Nairobi mwaka 1899. Na reli mpya, iliyofunguliwa mwaka 2017, nayo ina kituo chake hapa. Upande mmoja ni nchi ya Wakamba, ambayo leo ni Kaunti ya Makueni. Upande wa pili ni nchi ya Wamasai, Kaunti ya Kajiado. Watu huijua Emali kwa soko lake la ng'ombe na mbuzi, na kwa malori ya nyanya na vitunguu yashukayo kutoka upande wa Kimana. Lakini mtu akiacha soko akatembea kwa miguu kutoka kwenye vilima mpaka mabondeni, ataona jambo ambalo msafiri wa gari halioni. Juu kabisa ni mawe matupu na udongo haba wenye kokoto. Akishuka kidogo atakanyaga udongo mwekundu ulio mzito na wa kina. Chini zaidi wekundu hufifia, mchanga huzidi. Na kule chini kabisa, palipo sawasawa, ambapo maji ya mvua husimama yasijue pa kwenda, udongo ni mweusi.

Mpango huu wa udongo kubadilika kadiri mtu ateremkavyo ulipata jina lake la kitaalamu hapa hapa Afrika ya Mashariki. Geoffrey Milne, Mwingereza aliyekuwa mkemia wa udongo katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, katika milima ya Usambara, alipewa kazi ya kutengeneza ramani ya udongo wa nchi zetu zote. Aliona kwamba kazi hiyo haiwezekani kwa njia ya kawaida, kwani katika kila kilima kimoja mlikuwa na udongo wa namna nne au tano, na ramani ya nchi nzima haiwezi kuonyesha kila kilima. Lakini aliona pia kwamba namna hizo hufuatana kwa utaratibu ule ule, kilima baada ya kilima. Kwa hiyo mwaka 1935 alileta neno la Kilatini, katena, maana yake mnyororo, na mwaka 1936 ramani ikatolewa ikionyesha minyororo badala ya pete moja moja. Milne alifariki mwaka 1942, lakini neno lake hutumika hata leo na wataalamu wa udongo ulimwenguni kote. Maana yake ni rahisi. Udongo wa juu na udongo wa chini si wageni wawili waliokutana kwa bahati. Ni ndugu, na kile akipotezacho mmoja hukipata mwingine.

Wakulima hawakumngoja mtaalamu ili wajue hayo. Wasukuma, kusini ya Ziwa Viktoria, walikuwa na majina yao: luseni kwa udongo mwepesi wa mchanga, itogolo kwa ule wa kijivu wenye tabaka gumu chini yake, na mbuga kwa ule mweusi wa mabondeni. Nasi Ukambani tunapo mahali paitwapo Kithangathini, yaani penye mchanga, na aliyepaita hivyo hakuwa na ramani mkononi. Kazi ya Milne ilikuwa kuunganisha maarifa ya namna hiyo na kueleza sababu zake.

Tuanze na udongo mwekundu. Chini ya nchi yetu mna mawe ya kale mno, ya namna iitwayo naisi, yenye mistari myeupe na myeusi, ambayo yalikandamizwa na kuchemshwa ndani ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Mawe hayo yakioza kwa joto na maji kwa muda mrefu, chuma kilichomo hushika kutu. Kutu hiyo ndiyo wekundu tuuonao katika mashamba yetu, katika nguo za watoto na katika maji ya madimbwi. Punje ngumu za kwatsi, ambazo haziozi, hubaki zikawa mchanga. Kwenye mteremko maji hupenya na kupita, yakichukua chumvi zilizo chakula cha mimea, na chembe za mfinyanzi zinazobaki ni za namna iitwayo kaoliniti, ambayo haivimbi inapolowa wala haiwezi kushika chakula kingi cha mimea. Basi udongo huu una wema na una udhaifu. Wema wake ni kwamba ni wa kina, maji hayatuami ndani yake, mizizi hupenya, na nyumba hukaa juu yake kwa amani. Udhaifu wake ni njaa: hauna naitrojeni ya kutosha wala fosforasi, na mboji yake hukwisha upesi ukilimwa mfululizo bila samadi.

Una udhaifu wa pili, ambao umeiletea nchi hii majuto makubwa. Tone la mvua linapoanguka juu ya udongo mwekundu ulio wazi, hulivunja donge likawa unga. Unga huziba vinyweleo vya ardhi. Na jua likitoka, juu huwa ukoko mgumu kama ule wa chungu cha ugali. Mvua ijayo huukuta mlango umefungwa. Maji hayaingii tena bali hukimbia, nayo yakikimbia hayaendi mikono mitupu.

Sasa mvua yenyewe. Sisi tuna misimu miwili: mvua ya uua, kuanzia Machi hadi Mei, na mvua ya nthwa, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Vitabu huita ya kwanza mvua kubwa na ya pili mvua ndogo, lakini kila mkulima wa Ukambani ajua kwamba ile inayoitwa ndogo ndiyo ya kutumainiwa zaidi. Ramani ya udongo na hali ya hewa ya Kenya ya mwaka 1980, iliyotolewa na wapimaji wa udongo wa serikali, iliigawa nchi katika kanda saba kwa kulinganisha mvua inayoanguka na maji ambayo jua lingeweza kuyanyonya. Sehemu kubwa ya nchi hii ya chini imo katika ukanda wa tano. Humo mvua ya mwaka mzima ni kati ya milimita 450 na 900, na upande wetu mara nyingi hukaribia ile hesabu ndogo. Ilhali jua lingeweza kunyonya milimita 1,650 hadi 2,300. Maana yake ni kwamba jua hudai zaidi ya mara mbili ya kile ambacho wingu hulipa. Mwenye duka akifanya biashara kwa hesabu kama hiyo atafunga duka mwaka huo huo.

Tena mvua hiyo haigawanywi kwa haki. Nyingi huanguka kwa kishindo katika siku chache, wakati mashamba yangali wazi baada ya kiangazi. Milimita moja ya mvua juu ya eka moja ni zaidi ya lita 4,000 za maji. Dhoruba moja ya milimita 30, ambayo si ajabu kwetu katika Novemba, huleta zaidi ya lita 120,000 juu ya eka hiyo katika muda mchache. Ukoko ukiyazuia nusu yasiingie, lita 60,000 huteremka kwa jirani, zikiwa na rangi ya udongo wako. Ndiyo sababu huwezi kusema udongo huu ni mwema au mbaya bila kuutaja pamoja na mvua yake na mteremko wake. Udongo huu huu, ukiwekwa mahali pa manyunyu ya polepole na pasipo na mteremko, ungekuwa na historia nyingine.

Tushuke sasa kwenye udongo mweusi, uliolipasua ghala. Wengi huuita udongo wa pamba, na jina hilo lilitoka India, katika nyanda za Dekani, ambako pamba hulimwa juu ya udongo wa namna hii. Wataalamu huuita vatisoli, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kugeuza. Ulimwenguni unachukua kadiri ya hektari milioni 335, nyingi zikiwa India, Australia na Sudani, ambako mashamba makubwa ya pamba ya Gezira yalianzishwa juu yake mwaka 1925. Kwa hiyo si udongo wa aibu, na watu wengi sana hula kwa neema yake.

Huzaliwa mahali pa chini na penye misimu miwili, wa maji na wa ukavu. Zile chumvi ambazo mvua ilizichukua mteremkoni huja kutua hapa, nazo hujenga chembe za mfinyanzi za namna nyingine, iitwayo smektiti. Chembe hizo ni kama kurasa za kitabu: maji hupenya kati ya kurasa, kitabu kikavimba, maji yakitoka, kitabu husinyaa. Wakati wa kiangazi ardhi hupasuka nyufa ambazo fimbo huzama ndani yake. Udongo wa juu humwagika katika nyufa hizo. Mvua ikija, wa chini huvimba na kukosa nafasi, kwa hiyo husukuma kando na juu. Hivyo udongo hujilima wenyewe mwaka hata mwaka. Tulipochimba shimo karibu na ghala tuliona ndani ya ukuta wa shimo nyuso zilizong'aa kama kisu kilichonolewa, na hizo ni alama za donge kusuguana na donge wakati wa kusukumana. Tuliona pia vijiwe vyeupe vya chokaa. Mbele ya nguvu hiyo, msingi wetu wa futi mbili ulikuwa kama mtumbwi usio na nanga: uliinuliwa pembe moja katika Novemba, ukashushwa katika Agosti. Kuta hazikuanguka kwa uzito wake. Zilichoshwa kwa kupandishwa na kuteremshwa.

Mkulima naye huonja tabia hiyo. Udongo mweusi una chakula kingi cha mimea kuliko mwekundu, nao huweka maji mengi. Lakini maji hayo huyashika kwa mkono wa bahili, na mmea hunyauka wakati donge lingali na unyevu. Ukikauka, jembe haliingii. Ukilowa, jembe halitoki. Siku za kuulima ni chache, na mwenye ng'ombe wa kukodi hufika zikiwa zimekwisha. Weusi wake nao hudanganya, maana mboji yake si nyingi kama rangi inavyodai. Miti mikubwa huukwepa, kwa sababu mizizi hukatwa ardhi ipasukapo. Badala yake huota nyasi na ile miiba mifupi yenye vifundo vyeusi ambamo sisimizi hukaa na kulinda.

Hapa twataka kumwonya msomaji asije akaihukumu ardhi kwa rangi peke yake. Upande wa kusini-mashariki twaiona milima ya Chyulu, ambayo ni ya volkano na ni michanga mno kwa hesabu ya mawe, kwani mara ya mwisho ilimwaga moto katikati ya karne ya 19. Huko nako mna udongo wa rangi ya giza. Lakini ule ni wa majivu na mawe yenye matundu, na mvua ikianguka juu yake huzama kabisa, hata milima ile haina mto wa kudumu. Maji hayo hutembea chini ya ardhi yakatokea mbali: Makindu, Kibwezi, na katika chemchemi za Mzima, ambako maji huvutwa kwa bomba hadi Mombasa. Udongo mmoja mweusi haupitishi tone, na mwingine hauachi tone juu. Rangi ni moja, tabia ni mbili, kwa sababu mawe ni mawili na mahali ni pawili.

Kosa hili la kuitazama ardhi kwa jicho moja halikuanza na chama chetu. Katika miaka ya 1930 maofisa wa serikali ya kikoloni walikuja Machakos, wilaya ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi mwaka 1992, wakaona makorongo, vilima vitupu na mifugo iliyokonda. Waliyoyaona yalikuwa kweli. Udongo mwekundu ulikuwa ukikimbia, na picha zilizopigwa mwaka 1937 zinashuhudia hivyo. Lakini sababu waliitafuta katika jambo moja: walisema ng'ombe ni wengi mno. Hawakupenda kuhesabu pia kwamba Wakamba walikuwa wamefungiwa ndani ya mipaka ya hifadhi yao, na kwamba malisho ambayo zamani yaliwapokea wakati wa ukame yalikuwa yamekwisha kuwa ardhi ya walowezi au ya serikali. Mtu akifunga mlango wa zizi asilaumu ng'ombe kwa kukanyagana.

Mwaka 1938 ng'ombe walianza kuchukuliwa kwa nguvu na kuuzwa kwa bei duni, na kiwanda cha nyama kilikuwa kimejengwa Athi River kuwapokea. Mnamo Julai mwaka huo, Wakamba wapatao 2,000, waume kwa wake, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi wakakaa huko majuma sita wakitaka kusikilizwa na Gavana. Muindi Mbingu alikamatwa akahamishiwa Lamu. Lakini kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kuwachukua ng'ombe kwa lazima. Watu walishinda, na haki ilikuwa yao. Hata hivyo udongo haukupona kwa ushindi ule, kwa maana mvua ya Novemba haikujua nani ameshinda.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ililazimisha watu kuchimba matuta chini ya usimamizi wa machifu. Kazi ya lazima huzaa matunda ya lazima: mengi ya matuta yale yalikuwa membamba, yakabomoka. Dawa ilipatikana pale watu walipofanya kazi kwa vikundi vyao wenyewe vya mwethya, chini ya viongozi waliowachagua, na kwa mtindo walioupenda wenyewe. Mtindo huo waitwa fanya juu, na jina hilo la Kiswahili sasa limeandikwa katika vitabu vya kilimo vya mataifa mengi. Mkulima huchimba mtaro unaofuata usawa wa kilima, na udongo huutupa upande wa juu, ukawa tuta. Juu ya tuta hupanda majani ya kulisha ng'ombe. Kila mvua huleta udongo kidogo ukajaza nyuma ya tuta, hata baada ya miaka kadhaa mteremko umekuwa ngazi. Tazameni hekima iliyomo: mvua ile ile iliyokuwa mwizi sasa ni kibarua.

Katika miaka ya kwanza ya uhuru kazi hiyo ilipoa, kwa kuwa ilinuka ukoloni. Lakini kuanzia miaka ya 1970 iliamka tena, na mpango wa taifa wa kuhifadhi udongo uliosaidiwa na Sweden tangu mwaka 1974 uliitia nguvu. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu juu ya wilaya ya Machakos kwa muda wa miaka sitini. Walionyesha kwamba watu walikuwa kadiri ya 240,000 mwaka 1932, nao wakawa karibu 1,400,000 mwaka 1989. Na bado, mahali palipopigwa picha za makorongo mwaka 1937 palipopigwa picha tena, palionekana matuta, miti na mashamba. Wengi walikuwa wametabiri jangwa. Tusijisifu kupita kiasi, kwani vilima vyenye mvua nyingi vilifaidi kuliko nchi yetu ya chini, na wekundu uliozuiwa usikimbie bado una njaa ya samadi. Lakini funzo linasimama: udongo ulipona pale ulipotazamwa pamoja na mteremko wake, mvua yake na watu wake.

Pete moja ya mnyororo imebaki, nayo ni mchanga wa mito. Zile punje za kwatsi zisizooza hufika mwisho wa safari katika vijito vyetu vya msimu. Mgeni huona kijito kikavu. Mama wa Kikamba huchimba kwa kata akapata maji, kwa sababu mchanga huyaficha jua lisiyaone. Kwa hiyo malori yanapouchota mchanga bila kiasi, hayachukui uchafu wa mto bali tangi la maji. Serikali ya Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, nasi twawasihi wanachama waiheshimu, hata wale walio na malori.

Sasa turudi kwenye ghala. Wako wanaotaka tuliuze pamoja na kiwanja kwa mtu asiyejua habari zake. Sisi twasema wazi kwamba chama cha ustawi hakiwezi kumuuzia mwingine ufa wake kwa kunyamaza. Wako wanaotaka tuzibe ufa kwa saruji na kupaka rangi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa huu hauko ukutani, uko ardhini, na kila mwaka utafunguliwa upya. Halmashauri italeta shauri hili mbele ya mkutano mkuu: kwamba mabati, milango na mbao ziondolewe kwa uangalifu, na ghala lijengwe tena juu ya udongo mwekundu, katika kipande cha mteremko ambacho chama tayari kinacho. Ikiwa wanachama watachagua kubaki pale tambarare, basi udongo mweusi wote ulio chini ya jengo hauna budi kuondolewa, mahali pake pajazwe mawe na maramu iliyoshindiliwa, na maji ya paa yapelekwe mbali na kuta. Hilo lawezekana, lakini gharama yake itazidi bei nafuu tuliyoifurahia siku ile.

Na kiwanja cheusi tusikidharau. Tukilime mtama, juu ya matuta mapana yenye mifereji kati yake ya kuondoa maji, kama wafanyavyo wakulima wa nyanda za juu za Ethiopia juu ya udongo wa namna hii hii. Chakula kitokacho pale kitajaza ghala litakalokuwa juu. Hivyo kila udongo utafanya kazi ambayo uliumbiwa.

Mwisho twawaomba kila mwenye shamba mteremkoni asiseme kwamba habari za bondeni hazimhusu. Udongo wake ukitoroka utafika kule, nao hautarudi. Kabla ya mvua ya nthwa ijayo, na achukue jembe, aite mwethya wake, atupe udongo juu. Afisi ya chama ina kamba na pima-maji za kupimia usawa, nazo huazimwa bila malipo. Mwenye kuzihitaji na afike siku yoyote ya kazi, atie sahihi kitabuni, na kuzirudisha zikiwa safi.